Kuziba Ufa ni Wajibu wa Nani?

Mtu hukosa kwa njia mbili: kwa kutenda lisilompasa, na kwa kuacha kutenda limpasalo. Kosa la kwanza huonekana upesi kwa sababu lina kishindo. Mwizi huvunja, mgomvi hupiga, mchongezi husema, na majirani hutoka nje kutazama. Kosa la pili ni la kimya. Halina kishindo wala shahidi. Mwenye kulifanya huwa amelala, au ameketi kitini, au anasema kwamba atafanya kesho. Kwa hiyo ni wachache wanaojihesabu kuwa wakosaji kwa ajili ya jambo ambalo hawakulitenda. Msomaji, nataka tulitazame kosa hili la pili, na tulitazame kwa mfano wa jambo dogo ambalo hapana shaka umelikuta mara nyingi. Nalo ni lile tangazo linalotokea pembeni mwa kioo cha simu au cha kompyuta, likikuarifu kwamba toleo jipya la kivinjari liko tayari, nawe ukalifuta kwa kidole kama mtu anayefukuza inzi.

Kivinjari, kama ujuavyo, ni programu itufunguliayo kurasa za mtandao. Cha kwanza kiliundwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na mji wa Geneva, ili wataalamu wasomeane maandishi yao. Leo kimekuwa mlango wa mambo yetu yote. Kwa mlango huo mfanyakazi wa Buruburu hupeleka hesabu ya kodi yake kabla ya tarehe 30 Juni, mtahiniwa wa Kayole huomba nafasi ya chuo, na mzazi wa Dandora huomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kila mmoja wao huacha mlangoni namba ya kitambulisho chake, namba ya simu yake na nywila yake. Mlango unaopitisha vitu vya thamani kiasi hicho wastahili kutazamwa bawaba na komeo lake.

Lakini kivinjari ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono ya watu haikosi dosari. Kimefumwa kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, na katika wingi huo hujificha makosa ambayo hata waandishi wake hawakuyaona. Mengi hayana madhara. Machache yana madhara makubwa, kwa kuwa mtu mwovu akiyagundua aweza kutengeneza ukurasa wa hila. Na yeyote atakayeufungua ukurasa huo kwa kivinjari chenye kosa hilo atakuwa amemfungulia mwovu kompyuta yake bila ya kujua. Mafundi nao wakiligundua kosa hulitengenezea kiraka, wakakipeleka kwa kila mwenye kivinjari. Kukipokea kiraka hicho na kukiweka mahali pake ndiko kunakoitwa kusasisha.

Wako wanaonung'unika kwamba viraka vimezidi. Ni kweli kwamba haviishi. Mwaka 2020 kivinjari cha Firefox kilianza kutoa toleo jipya kila majuma manne, na mwaka 2023 watengenezaji wa kivinjari cha Chrome walianza kutoa viraka vya usalama kila juma. Mnung'unikaji husema, "Kitu kinachotiwa viraka kila siku ni kibovu." Nenda Gikomba ukamwulize fundi cherehani. Atakuambia kwamba shati lisilo na kiraka si lazima liwe zima. Pengine mwenyewe hajalitazama mgongoni. Wingi wa viraka ni dalili kwamba yuko mtu anayekagua. La kuogofya ni kimya.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalifahamu, na ndilo linaloligeuza suala hili la ufundi likawa suala la wema na ubaya. Siku kiraka kinapotangazwa, tundu nalo hutangazwa. Mwizi huchukua programu ya zamani na programu mpya, akazilinganisha, akaona mahali palipobadilika. Na pale palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Kwa hiyo mtu aliyechelewa kusasisha habaki katika hatari ile ile aliyokuwa nayo jana. Hatari yake imeongezeka, maana jana tundu lilijulikana na wachache, na leo linajulikana na kila mwenye nia mbaya na akili ya kusoma. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa zama zetu una tabia mbaya zaidi: siku udongo wa kuuzibia unapoletwa uani, wezi nao huelezwa ufa uko upande gani.

Mfano wa jambo hili ulionekana mwaka 2017, na dunia nzima iliushuhudia. Tarehe 14 Machi mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika programu yake ya Windows. Tarehe 14 Aprili kundi la watu waliojiita Shadow Brokers wakakianika hadharani chombo cha kupenyea katika tundu lile lile. Tarehe 12 Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikaanza kuenea. Kilikuwa kikiingia katika kompyuta, kikayafunga mafaili yote kwa kufuli ya siri, kisha kikadai fidia ili yafunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali nyingi za umma ziliingiliwa, na wakaguzi wa serikali walikadiria baadaye kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Tundu hilo lilikuwa la programu iliyo chini ya kivinjari, wala si la kivinjari chenyewe. Lakini kanuni ni ile ile. Hesabu mwenyewe: tangu tarehe 14 Machi hadi tarehe 12 Mei ni siku 59. Kwa siku 59 dawa ilikuwa mezani, na chupa yake haikufunguliwa. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani siku ile hakuwa ameombwa kusasisha kitu chochote. Wajibu ulikuwa wa mwingine, na maumivu yakawa yake.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Je, kuisasisha kompyuta yangu ni jambo langu mwenyewe, kama kuchana nywele zangu, ambalo nikiliacha najiaibisha mwenyewe tu? Au ni deni ninalodaiwa na watu wengine?

Tusiende mbali kutafuta jibu. Tupande ngazi za nyumba zetu wenyewe. Katika mitaa yetu ya Eastlands, hasa Umoja na Kayole, watu wengi hupanga vyumba katika majumba ya ghorofa, wapangaji ishirini au thelathini chini ya paa moja, na chini kabisa pana lango moja la chuma. Kila mpangaji ana ufunguo. Desturi ni kwamba arudiye usiku hufunga nyuma yake. Sasa mfikiri kijana mmoja anayeishi ghorofa ya nne. Chumba chake kina godoro, jiko na sufuria mbili. Arudipo saa sita za usiku huliacha lango wazi, na akiulizwa husema, "Mimi sina kitu. Mwizi atanichukulia nini?" Neno lake ni la kweli na jawabu lake ni la uongo. Ni kweli kwamba hana kitu. Lakini lango lile si lake peke yake. Mwizi akiingia kwa uzembe wake hatapanda mpaka ghorofa ya nne kuchukua sufuria. Ataishia ghorofa ya kwanza, kwa mama aliyenunua cherehani kwa akiba ya miaka mitatu.

Mtandao ni jumba la namna hiyo. Kompyuta iliyotekwa haimpotezi mwenyewe tu. Hutumiwa kuwapelekea rafiki zake barua za hila kwa jina lake, nao huzifungua kwa kuwa wanamwamini. Hutumiwa pia kuwashambulia watu asiowajua. Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti nyingi mashuhuri hazikufikika katika sehemu kubwa ya Marekani kwa muda wa saa kadhaa, kwa sababu kampuni iliyoziongoza anwani zake ilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo. Mengi ya maombi hayo yalitoka katika vifaa vidogo vya majumbani, kama kamera za ulinzi, ambavyo wenyewe waliviacha na nywila zile zile za kiwandani. Wenye kamera hizo walikuwa wamelala. Walikuwa askari katika jeshi ambalo hawakujua kwamba wameandikishwa. Kila mmoja wao, kama angeulizwa, angesema kwamba hana kitu cha kuibiwa.

Msomaji, pengine unasema moyoni kwamba ni rahisi kwa mwalimu kuhubiri. Basi nitakueleza kosa langu mwenyewe, ili ujue kwamba nasema kama mtu aliyekwisha kuungua na wala si kama mtu aliyekaa mbali na moto.

Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya kutwa huku huku Eastlands. Katika chumba cha walimu palikuwa na kompyuta moja, na kwa kuwa nilikuwa kijana kuliko wenzangu, nilikabidhiwa mimi. Ndani yake ziliwekwa alama za wanafunzi wote na taarifa zao za mwisho wa muhula. Shule haikuwa na mtandao wake. Nilikuwa nikiunganisha kompyuta ile na simu yangu, na data niliinunua kwa fedha zangu. Kila asubuhi tangazo lilitokea kwamba kivinjari chataka kusasishwa, na kila asubuhi nilibonyeza palipoandikwa "Baadaye". Nilikuwa na sababu. Data ilikuwa yangu, mshahara ulikuwa mdogo, na kazi ilikuwa nyingi. Nilibonyeza hivyo kwa muda wa miezi mitano. Neno "baadaye" ni neno la adabu ambalo uvivu hulivaa uendapo mbele ya watu.

Siku moja mafaili yote yalikataa kufunguka. Juu ya kioo palikuwa na maandishi ya kudai fedha. Fundi aliyeitwa aliichunguza kompyuta kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, wameingia kwa kivinjari. Tundu hili lilikuwa na kiraka tangu miezi mitano iliyopita." Hakusema zaidi, wala sikuhitaji aseme zaidi. Shule haikulipa fidia. Walimu tulirudi katika vitabu vyetu vya alama, tukaandika upya kwa mkono, na kwa muda wa majuma mawili kazi ikawa imekwisha. Watu wakasema tumeokoka.

Lakini alikuwako msichana mmoja wa kidato cha tatu. Alama zake za masomo mawili ziliandikwa na mwalimu aliyekuwa amekwisha kuhama, naye hakuacha kitabu. Zilikuwa ndani ya kompyuta ile tu. Msichana huyo alikuwa akiomba basari ya eneo bunge, na kamati ilitaka taarifa kamili za mihula mitatu kabla ya tarehe iliyowekwa. Taarifa yake ilipokamilika, tarehe ilikuwa imepita. Alikaa nyumbani majuma sita mpaka jamaa zake walipochanga karo. Aliporudi nilimwita, nikamweleza jambo lote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza akitazama chini, kisha akasema, "Nilidhani ni mimi niliyekosea kuijaza fomu, Mwalimu." Kwa majuma sita yule mtoto alikuwa amebeba kosa langu pamoja na hasara yangu. Tangu siku ile sijaweza kusema kwamba kusasisha ni jambo la mtu mwenyewe.

Sasa na tupime hatia, maana si haki kumtupia mtu mmoja mzigo wa watu watatu. Mwizi ana hatia, na hatia yake ni kubwa kuliko zote, kwa sababu yeye alikusudia. Mtengenezaji aliyeuza kitu chenye kasoro ana sehemu yake, hasa kama aliijua kasoro akainyamazia. Nami niliyearifiwa nikapuuza nina sehemu yangu. Watu hupenda kufikiri kwamba hatia ni kama mkate, kwamba mwizi akichukua kipande kikubwa, kipande changu hupungua. Sivyo. Hatia haigawanywi. Mwizi anachukua yake nzima, nami nachukua yangu nzima. Uovu wa mwizi hauufanyi uzembe wangu kuwa wema, kama vile usiku kuwa na giza hakumwondolei lawama yule aliyeacha lango wazi.

Wengine watauliza, "Je, asiyejua?" Swali hili ni la haki, na jibu lake lataka kupambanua. Kutojua ni kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa kuwa hakuambiwa, kama bibi kizee aliyenunuliwa simu na wajukuu, naye huitumia kupokea fedha na kusikia sauti zao. Huyo hana lawama. Lawama ni ya wajukuu. Na yuko asiyejua kwa kuwa aliambiwa akafumba macho. Kutojua kwa namna hii hakumsafishi mtu, maana giza lake amelitengeneza mwenyewe kwa kope zake. Mimi nilikuwa wa namna ya pili.

Iko pia hoja ya umaskini, na haifai kupitwa kwa haraka, hasa na mtu anayeandikia vijana wa mitaa yetu. Sasisho hula data, na data ni fedha. Mama anayeuza mboga Makongeni akichagua kati ya sasisho la simu na unga wa jioni, atanunua unga, na hapana mwenye akili atakayemlaumu. Tena ziko simu za zamani ambazo watengenezaji wamekwisha kuzitupa. Hata mwenyewe akitaka kiraka, kiraka hakiji. Programu ya Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na ilipofika Mei 2017 wenye nayo walipelekewa kiraka cha kuwakinga na WannaCry siku ya pili ya maafa, wakati moshi ulikuwa umekwisha kupanda. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida wa kutengenezewa viraka ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zitumiazo programu hiyo ni nyingi mno. Kwa mtu wa kipato kidogo, kuambiwa anunue kompyuta mpya ni kama kuambiwa anunue ndege.

Hoja hii ina ukweli, na ukweli wake ni huu: wajibu hauvuki uwezo. Asiye na uwezo hadaiwi. Lakini deni asilodaiwa maskini halifutiki; huhamia kwa mwenye uwezo. Huhamia kwa kampuni iliyouza kitu ikijua kwamba kitatumika miaka kumi, kisha ikakihudumia kwa miaka mitatu. Huhamia kwa wenye mamlaka, ambao katika nchi yetu walikwisha kutunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, inayomtaka yeyote anayeshika habari za watu achukue hatua za kuzilinda. Huhamia kwa shule, iliyopaswa kununua data ya kompyuta yake bila ya kumwachia mwalimu kijana. Na huhamia kwa mwenye saiba.

Huyu wa mwisho nataka nimtaje peke yake, kwa sababu yuko kila mtaa, kuanzia Kaloleni mpaka Umoja. Kompyuta yake huguswa na mikono mingi kwa siku moja. Mwanafunzi anaomba mkopo wa masomo, kijana anaomba kazi, mzee anatafuta hati yake, nao wote huandika siri zao katika kivinjari kimoja. Lugha yetu ina neno kwa kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwako, nalo ni amana. Aliyepokea amana hana ruhusa ya kusema kwamba kitu si chake. Kwa sababu si chake ndiyo maana anapaswa kukitunza kuliko anavyotunza chake. Mwenye saiba anayefagia sakafu kila asubuhi na kuacha kivinjari cha miaka minne iliyopita amesafisha kionekanacho, akaacha kilichokabidhiwa.

Bado iko hoja moja, nayo ni ya watu werevu. Husema kwamba tiba nayo yaweza kuua. Hili pia si uongo. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilipeleka sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazimika duniani. Ndege hazikuruka, na ofisi nyingi zikafungwa. Tena wako matapeli wanaotengeneza matangazo ya uongo ya kusasisha, ili mtu mtiifu abonyeze na kuingiza kirusi kwa mkono wake mwenyewe. Basi je, tumtii kila asemaye "sasisha"?

Hasha. Utii wa kipofu si fadhila. Ni uvivu wa namna nyingine, kwa kuwa anayetii bila kutazama na anayepuuza bila kutazama wote wawili wamekataa kutazama. Njia ya kweli ni uangalifu. Sasisho la kweli hutoka ndani ya kivinjari chenyewe, katika orodha ya mipangilio yake, au katika duka la programu la simu. Halitoki katika ukurasa wa mgeni unaokurukia machoni ukikuharakisha. Ukiona tangazo katika ukurasa, lifunge, kisha uende mwenyewe katika mipangilio ukaulize. Na kuhusu kosa la mwaka 2024, kumbuka kwamba mafundi walilitambua na kulirekebisha kosa hilo siku ile ile, ingawa kazi ya kuziinua kompyuta zilizoanguka ilichukua siku nyingi. Mtu mmoja akiugua kwa dawa, watu hawaitupi dawa. Huongeza uangalifu katika kuipima. Wenye ofisi kubwa wana haki ya kulijaribu sasisho katika kompyuta chache kabla ya kulitandaza. Kungoja kwa siku mbili ili upime ni busara. Kungoja kwa miezi mitano kwa kuwa umechoka ni kitu kingine, na dhamiri ya mtu hujua tofauti yake hata ulimi ukiificha.

Sasa nakugeukia wewe, kijana. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu mjuzi wa simu ni mtoto. Baba amejua mengi ya dunia, na mama anaijua bei ya kila kitu sokoni. Lakini likitokea tangazo geni katika kioo, huitwa wewe. Usidhani kwamba hilo ni jambo la kujivunia tu. Mwenye kujua amebeba wajibu wa wasiojua. Siku utakapokuwa mahali penye mtandao wa bure, chukua simu ya mama kwa ruhusa yake, ingia katika mipangilio, tazama kama kivinjari chake ni kipya, na umweleze kwa heshima ulilofanya na sababu yake. Ukienda mashambani kumwamkia nyanya, fanya vivyo hivyo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na hapana atakayekusifu kwa ajili yake. Maana ubaya uliozuiwa hauonekani, na watu hawatoi shukrani kwa mwizi ambaye hakuingia.

Hapo ndipo ugumu wa wema wa namna hii ulipo. Azimaye moto hupigiwa makofi, na aliyeondoa majani makavu kabla ya moto hajulikani. Anayefunga lango kila usiku kwa miaka kumi hataitwa mbele ya mkutano wa wapangaji kupewa zawadi. Hata hivyo jumba husimama kwa ajili yake, na yule mama wa ghorofa ya kwanza huamka asubuhi akaikuta cherehani yake mahali pake, wala asijue kwamba ana mtu wa kumshukuru.

Nilisema mwanzoni kwamba kosa la kutotenda ni la kimya. Wema ulio kinyume chake ni wa kimya vile vile. Leo jioni, tangazo litakapotokea pembeni mwa kioo, usilitazame kama inzi. Jiulize kwanza kama ni la kweli. Likiwa la kweli, nawe una uwezo, usibonyeze "Baadaye". Neno lile nilibonyeza mimi kwa miezi mitano, na aliyelipa bei yake ni msichana wa kidato cha tatu aliyedhani kwamba kosa ni lake.